Picha za Wanafunzi na Faini ya Sh4.55 Milioni

Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tangu hapo limezagaa dai kwamba sheria imeharamisha picha shuleni. Haikuharamisha. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka hasa mambo mawili: mzazi au mlezi aridhie, na taarifa za mtoto zitumike kwa namna inayolinda haki na maslahi yake. Kifungu cha 32 kinaongeza kwamba mwenye wajibu wa kuthibitisha ridhaa hiyo ni anayetumia taarifa, na kwamba aliyeridhia anaweza kubadili nia wakati wowote.

Kwenye kuthibitisha ndipo shule zinapokwama. Fomu ya kujiunga huwa na mstari mmoja chini kabisa, baada ya karo na sare, wa kukubali “masharti yote ya shule”. Sheria inataka ridhaa ya hiari, mahususi na iliyoelezwa waziwazi. Mzazi anayejua kuwa asiposaini mtoto hapati nafasi, ameridhia nini hapo?

Dawa ni karatasi moja ya kando yenye visanduku vinne: jarida la shule, kundi la WhatsApp la darasa, ukurasa wa Facebook na tovuti, na matangazo ya kulipia. Kila kimoja kina ndiyo au hapana, kisha sahihi na tarehe. Anayekataa vyote mtoto wake anasajiliwa vilevile. Orodha ya waliokataa apewe mpiga picha kabla ya sherehe, na watoto hao wasimame mwisho wa safu ili picha ikatwe bila kuharibika. (Kuwavalisha utepe wa rangi, kama baadhi wanavyoshauri, ni kuwatangaza upya.)

Shule nazo zina hoja. Shule ya binafsi huishi kwa kujaza madawati, na picha ya sherehe ya kuhitimu chekechea ni tangazo lisilogharimu kitu. Isitoshe, wazazi haohao huirusha TikTok kabla gari la shule halijafika nyumbani. Halafu kuna kiasi cha faini chenyewe. Kifungu cha 63 kinaweka ukomo wa Sh5 milioni au, kwa biashara, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kilicho kidogo. Piga hesabu: ili Sh4.55 milioni iwe asilimia 1, mapato yanapaswa kufika Sh455 milioni. Kwa karo ya Sh100,000 kwa mwaka, hao ni wanafunzi 4,550. Ni shule ngapi za binafsi zenye idadi hiyo? Kama shule inahesabiwa kuwa biashara ni swali la mawakili, lakini mwalimu mkuu anayeona adhabu hii ni nzito kuliko kosa hasemi upuuzi.

Hata hivyo, tazama kilichotokea mwezi huohuo kwingine. Almendralejo, mji mdogo wa Uhispania, wasichana zaidi ya 20 waligundua picha zao za uchi zikizunguka kwenye simu za wenzao. Hawakuwahi kupiga picha hizo. Wavulana walichukua picha zao za kawaida, wamevaa nguo zao, kutoka mitandao ya kijamii, wakazipitisha kwenye programu ya akili unde inayobuni mwili. Mwaka 2024 mahakama ya watoto iliwaweka wavulana 15 chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja. Malighafi ilikuwa uso ulioonekana vizuri, kwenye mwanga mzuri, ukiitazama kamera. Na hiyo ndiyo picha ambayo shule huchagua kupandisha, tena ikiwa na nembo kwenye sweta, jina la darasa kwenye maelezo, na mara nyingine jina kamili la mtoto kwa sababu amepata zawadi. Facebook huondoa data ya mahali iliyofichwa ndani ya faili. Tovuti nyingi za shule huliacha faili kama lilivyopakiwa, na picha ya simu inaweza kubeba latitudo na longitudo za uwanja wa michezo.

Mzazi akibadili nia, tatizo huwa ni nywila. Ukurasa wa shule mara nyingi ulifunguliwa na mwalimu wa kompyuta kwa akaunti yake binafsi. Akahama, na albamu za 2016 zikabaki bila mtu wa kuzifuta. Shule ambayo bado inawasiliana na mwalimu huyo imwombe leo aongeze wasimamizi wawili, mmoja akiwa mkuu wa shule, kisha ajiondoe. Baada ya hapo albamu zifutwe kuanzia za zamani zaidi, kwa sababu hizo ndizo zisizo na karatasi yoyote ya ridhaa, na nakala halisi zihifadhiwe kwenye diski inayofungiwa ofisini.