Bastola mkononi mwa rubani: je, ingewaokoa abiria wa Ngazija?

Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa na watu watatu. Walivamia chumba cha marubani wakiwa na shoka na kizima moto, wakadai wana bomu, wakamwamuru Kapteni Leul Abate awapeleke Australia. Aliwaeleza kwamba mafuta hayafiki huko. Hawakusikia. Injini zikazima, ndege ikapiga maji karibu na ufukwe wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, akiwemo mpigapicha wa habari wetu wa Kenya, Mohamed Amin.

Nikikumbuka kisa hicho, siwezi kumbeza anayetaka marubani wapewe bastola. Mlango haukuwazuia watekaji, na rubani alibaki na mdomo wake tu.

Marekani walichukua hatua hiyo baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Sheria ilipita Novemba 2002, na marubani wa kwanza wakahitimu mafunzo Aprili 2003. Rubani hujitolea mwenyewe, hufunzwa, kisha hupewa mamlaka ya ofisa wa usalama wa serikali, lakini mamlaka hayo ni ya kulinda chumba cha marubani tu. Hatoki kwenda kupambana katikati ya abiria.

Hofu moja ya wapinzani wa mpango huo haina uzito: kwamba tundu la risasi litaipasua ndege angani. Machi 2008, bastola ya rubani wa US Airways ilifyatuka kwa bahati mbaya ndege ikikaribia Charlotte, Marekani. Risasi ilitoboa ubavu wa ndege, lakini ndege ikatua salama. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ilifyatuka bila mtekaji yeyote kuwepo. Silaha inayobebwa siku zote, safari baada ya safari, ina nafasi nyingi zaidi za kukosea kuliko za kuokoa.

Watetezi wana hoja nyingine, nayo ni nzito: kama tumemwamini rubani kwa roho za watu mia tatu, kwa nini tusimwamini kwa bastola? Angetaka kutuua, usukani unamtosha.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Chumbani mna marubani wawili, na mmoja ni kinga dhidi ya mwenzake. Novemba 2013, nahodha wa ndege ya LAM, shirika la ndege la Msumbiji, alisubiri rubani msaidizi aende msalani, akamfungia nje, akaiangusha ndege Namibia na watu wote 33. Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, alifanya vivyo hivyo kwenye milima ya Alps huko Ufaransa, wakafa 150. Wote wawili walilazimika kungoja wabaki peke yao. Mwenye bastola hangoji.

Kisha kuna suala la mahali penyewe. Desemba 2000, abiria aliyechanganyikiwa akili aliingia chumba cha marubani cha ndege ya British Airways ya London–Nairobi na kung'ang'ania usukani. Ndege iliporomoka maelfu ya futi, hadi nahodha, aliyekuwa mapumzikoni, na abiria walipomvuta nje. Hebu fikiria bastola katikati ya purukushani ile, kwenye chumba ambacho mtu hawezi hata kusimama vizuri. Nani angeishika kwanza?

Ethiopia 1996 na British Airways 2000 zilitokea kabla ya milango mizito ya chumba cha marubani kuwa lazima duniani, yaani kabla ya Novemba 2003. Leo mtekaji mwenye shoka angeishia nje. Upenyo uliobaki ni zile dakika mlango unapofunguliwa ili rubani aende msalani au aletewe chakula, na kwa safari ndefu hilo haliepukiki. Marekani imeamua ndege mpya za abiria ziwe na kizuizi cha pili, kinachofungwa kabla mlango mkuu haujafunguliwa. Mashirika yetu yanapoagiza ndege, hicho ndicho ningependa yakilipie, pamoja na daktari ambaye rubani aliyelemewa na mawazo anaweza kumwendea bila kuogopa kupoteza leseni siku hiyohiyo.