Goti Langu na Makaburi ya Kaole

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba katika kitongoji chetu hapa Bagamoyo hakuna mtu anayeihitaji hospitali kuliko mimi. Nina goti la kulia ambalo hutabiri mvua kabla redio haijatangaza, nina presha inayopanda kila bei ya sukari inapopanda lakini haishuki nayo inaposhuka, na nina jino moja la nyuma ambalo kazi ya kutafuna lilikwisha kuiacha, likabaki na ile ya kuuma tu. Kwa hiyo ninapoitwa mpinga hospitali, kama ninavyoitwa sasa kuanzia barazani hadi jikoni kwangu mwenyewe, ni sawa na kumsingizia mvuvi kwamba anaichukia bahari.

Chanzo cha yote ni baraza la kahawa. Kijana mmoja anayeutaka uenyekiti wa kitongoji alitujia jioni na futi kamba mpya, iliyokuwa bado na karatasi ya bei, akatutangazia kwamba akichaguliwa atatuletea hospitali ya ghorofa mbili, na kwamba eneo amekwisha kulipata. Tulimpigia makofi, nami nilipiga kwa nguvu kuliko wote, hata kahawa ikanimwagikia kwenye kanzu. Kisha akalitaja eneo lenyewe, nalo ni magofu ya Kaole. “Pale pamekaa bure, wazee wangu,” alisema. “Ni mawe tu.” Nilitamani kuyachukua makofi yangu nirudi nayo nyumbani, lakini makofi ni kama nauli ya bodaboda, ikishatoka mfukoni hairudi.

Mawe tu! Kaole ipo takribani kilomita 5 kusini mwa mji, nayo ina misikiti miwili, mmoja ukisemwa kuwa wa karne ya 13, na ina makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo zinazopita kwa urefu mlingoti wa antena ya jirani yangu. Ukizisogelea nguzo hizo utaona vishimo vya mviringo, mahali ambapo bakuli za China zilikuwa zimepachikwa kuwa urembo. Mke wangu akinunua sahani ya China dukani hujiona amekwenda na wakati, ilhali wazee wa Kaole walivipachika vyombo hivyo makaburini mababu wa muuza duka wakiwa hawajazaliwa. Baadaye mikoko iliisonga bandari yao, biashara ikahamia huku kwetu mjini, wakabaki wamelala kwa utulivu hadi mwaka 1958, alipokuja mwanaakiolojia Neville Chittick kuchimba. Angalau Chittick alichimba ili ajue watu hawa walikuwa nani. Huyu wetu anataka kuchimba ili amwage zege.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye huja barazani na miwani miwili na huivaa yote kwa zamu, alitukumbusha kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Wenzangu walitikisa vichwa kwa kuridhika, lakini mimi nilipatwa na wivu ambao mpaka leo sijaumaliza. Goti langu, kwa jinsi linavyolia ninapopanda ngazi, lilistahili kabisa kuhesabiwa kuwa la kabla ya 1863, ila kwa bahati mbaya lina cheti cha kuzaliwa. Ndiyo kusema nguzo ya marehemu haiguswi mpaka kipatikane kibali, ilhali goti la mlipakodi kila mwanafunzi wa udaktari huliminya apendavyo, kisha humwita mwenzake naye aje aliminye.

Nilimwuliza mgombea wetu kama amewafikiria wagonjwa wenyewe. Mtu anazinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, hajui yuko wapi, anachungulia dirishani ili apate matumaini, na kitu cha kwanza anachokiona ni makaburi yaliyopangwa vizuri yakimtazama. Huyo hata kama upasuaji ulifanikiwa, presha itammaliza. Nikamshauri aitazame ile ardhi iliyo kando ya barabara ya lami, penye minazi iliyozeeka ambayo haizai tena ila makumbi, kwani hapo hata gari la wagonjwa lingefika bila kukwama mchangani. Akanishika mkono, akanivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba pale pana wenye mashamba, na wenye mashamba watadai fidia, ilhali wale wa Kaole hawajawahi kudai kitu. Kumbe si upepo wa bahari uliomvutia! Kaole imependwa kwa sababu wenyeji wake hawana namba ya akaunti.

Nyumbani sikupata mtu wa kuniunga mkono. “Usiku utakapokata pumzi,” mke wangu aliniuliza huku akikuna nazi kwa hasira, “hao wa Kaole ndio watakaokubeba?” Nilimjibu kwamba kunibeba hawataweza, bali kunipokea watakuwa wa kwanza. Jibu hilo nililiona zuri, lakini usiku ule nilikula wali bila mchuzi.

Jumamosi nilikwenda Kaole mwenyewe, kwa kuwa pale upo mbuyu ambao wenyeji husimulia kuwa ukiuzunguka unaongezewa umri. Hakuna foleni, hakuna dirisha la dawa ambako huambiwa ukanunue nje. Niliuzunguka mara tatu. Kuhusu umri siwezi kutoa taarifa yoyote kwa sasa, ila goti lilivimba likawa kama boga.

Ndiyo maana Jumatatu alfajiri nilipanda bodaboda kwenda hospitali moja iliyo mbali, nikapewa kipande cha boksi kilichoandikwa namba 47, nikaketi kwenye benchi na bahasha yangu ya eksirei, nikisubiri kuminywa. Saa nne hivi akaingia mgombea wetu, shavu moja limejaa kama aliyeficha embe, mkononi ana namba 63. Alinitazama, akalitazama benchi, akaiona nafasi ndogo iliyobaki baina yangu na mama mwenye mtoto.

“Shikamoo, mzee wangu,” alisema kwa taabu. “Naomba nikae hapo, naona pamekaa bure.”

Niliitikia marahaba, nikailaza bahasha ya eksirei juu ya nafasi ile, kisha nikamwarifu kwa heshima zote kwamba eneo hilo limehifadhiwa, na akitaka kulitumia alete kibali.