Asali ya Mjomba Maabara

Mjomba wangu wa Uyole, ambaye asali yake inajulikana hadi soko la Mwanjelwa, aliamka siku moja akakojoa mkojo mwekundu, na kabla jua halijapanda ukoo mzima ulikuwa umeshaanza kuulizana habari za mashamba. Hakuna aliyekumbuka kwamba jana yake alikunywa jagi zima la juisi ya bitiruti, baada ya kuambiwa inaongeza damu. Kwa kuwa alikataa katakata kujisaidia hospitalini huku foleni ikimsikiliza, aliukinga mkojo nyumbani, akautia katika chupa ya kwanza aliyoiona, akanikabidhi niubebe.

Tukiwa kwenye benchi, mama mmoja aliisoma lebo ya chupa, akauliza nusu lita ni shilingi ngapi. Nilimjibu kwamba ile ina mwenyewe.

Mtaalamu wa maabara alichovya kijiti chenye vimraba vya rangi, akatazama saa, kisha akakilinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa kopo lake. Damu haikuwepo, protini haikuwepo, lakini kimraba cha sukari kiligeuka kahawia iliyokolea. "Mzee, sukari plasi nne!" Mjomba alitobolewa kidole papo hapo, na sukari ya damu ikasoma 5.2. Mtaalamu alikuna kichwa, kwa maana figo nzima kwa kawaida hazimwagi sukari kwenye mkojo mpaka ile ya damu ipite kama 10 hivi. Akainua chupa, akainusa.

"Mzee, humu kulikuwa na nini?"

"Asali."

"Basi sukari imetoka humo."

Mjomba alisimama wima. "Kijana, tangu nianze kufuga nyuki sijawahi kutia sukari kwenye asali yangu!"

Foleni yote iligeuka. Yule kijana, ambaye namsifu kwa uvumilivu, alieleza kwamba asali yenyewe ina glukosi kwa asili, na masalio kidogo yanatosha kukipotosha kijiti. Akampa kikopo kisafi, akamwelekeza aache mkojo wa mwanzo upite ndipo akinge wa katikati. Safari hii kila kitu kilikuwa sawa, na wekundu ulikuwa umefifia.

Mjomba aliomba majibu kwa maandishi, yakiwa na muhuri. Karatasi hiyo, iliyoandikwa "Sukari: hakuna", sasa imebandikwa kwenye meza yake ya asali, na wateja wenye mashaka huelekezwa waisome.