Gombe tusiwaachie sokwe na wageni

Ndugu zangu wa Dar wakipiga simu, baada ya salamu na bei ya dagaa, swali ni moja: "Sokwe umeshawaona?" Miaka kumi na mmoja nimeishi Kigoma nikijibu bado. Mgeni akishuka kwenye treni nilikuwa nampeleka Ujiji, anapiga picha pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 (mwembe wenyewe ulishakufa, iliyopo ni uzao wake), tunarudi mjini tunakula migebuka, kesho yake anapanda treni kurudi kwao. Gombe, hifadhi ya hao sokwe, tulikuwa tunaionyesha kwa kidole tu, kule, nyuma ya milima ile.

Aibu hii si yangu peke yangu. Asubuhi moja niliuliza kijiweni, kwenye kahawa, nani amewahi kufika Gombe. Tulikuwa watu tisa. Aliyefika ni mmoja, naye alifika kwa sababu boti yake ya kwenda Kagunga ilizimika injini mbele ya hifadhi wakalala ufukweni. Mzee mmoja akaufunga mjadala: "Mwalimu, kule ni kwa Wazungu. Nyani wewe unawaona bure njia ya Kasulu, ukalipie nini?"

Nilicheka kama wengine. Lakini swali lake lilinifuata nyumbani, maana sikuwa na jibu. Hifadhi iko kilometa 16 tu kaskazini mwa mji. Imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 1968. Mwanamke wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26 alifika pale Julai 1960 akiwa na mama yake, mpishi na hema, hajawahi kusoma chuo kikuu, na alichokiona kwenye vilima vile kikawalazimisha wataalamu wa dunia nzima kufikiri upya maana ya neno binadamu. Watoto wangu walikuwa wanamjua Jane Goodall kwa picha ya kitabuni. Kilima chenyewe hawajakikanyaga.

Basi Julai iliyopita tukaenda. Mimi, mama watoto, binti wa miaka kumi na mitatu, mdogo wake wa miaka minane, shemeji yangu, na mama mkwe aliyekuja kutoka Kasulu kutusalimia akajikuta safarini. Tuligawana boti ya kukodi na familia ya jirani, kwa sababu boti za abiria zinazotoka mwalo wa Kibirizi huondoka mchana, na ukizitegemea hizo huwezi kwenda na kurudi siku moja. Hapo ndipo penye tatizo la kwanza, na nitalirudia.

Safari ya majini ni nusu ya raha. Ziwa asubuhi limetulia kama mafuta kwenye sahani. Unapita Kalalangabo, unaona dagaa walioanikwa, watoto wanapunga mikono, wanawake wanafua. Juu yao milima iko wazi: mihogo, michikichi hapa na pale, udongo mwekundu ulioshuka na mvua ukaacha makovu. Halafu, pasipo ukuta wala uzio, msitu unaanza. Mwanangu mdogo aliuliza kwa sauti, boti nzima ikasikia: "Baba, mbona mlima huu una nywele na ule umenyolewa?"

Nikamweleza nilivyoweza. Kwamba zamani yote ilikuwa na nywele. Kwamba watu waliongezeka, wengine wakaja wakikimbia vita Burundi na Kongo, na kila mtu anahitaji shamba na kuni. Kwamba tangu 1994 taasisi ya huyo huyo Goodall ilianza mradi wa kupanda miti pamoja na vijiji vinavyozunguka, baada ya kuelewa kwamba sokwe hawezi kupona jirani yake akiwa na njaa. Sijui alishika kiasi gani. Mama mkwe ndiye aliyeshika. Akatazama ile mitelemko mikavu akasema kwa sauti ya chini, "Hata kwetu ilikuwa hivi, watu wakaimaliza polepole."

Sasa nifike kwenye hoja yangu, ambayo najua wengine hawataipenda. Mimi nasema: mtu wa Kigoma mwenye familia asiende Gombe kwa ajili ya sokwe.

Tulipofika Kasekela, kituo cha hifadhi, kabla ya jambo lolote, mhifadhi alitupanga tukasikiliza masharti. Watoto wadogo hawafuati sokwe. Mwenye mafua hafuati sokwe, awe mkubwa au mdogo. Anayekwenda anavaa barakoa na anakaa mbali nao. Binti yangu, aliyekuwa amehesabu siku tangu Mei, akapiga chafya palepale. Machozi yakamlengalenga. Mhifadhi, kijana mpole, akamweleza kwamba miili yetu na ya sokwe imekaribiana mno, hivyo ugonjwa unaotupa sisi homa ya siku mbili unaweza kumuua sokwe. Akamwambia kwamba mwaka 1966 polio iliingia humo, sokwe wakafa na wengine wakabaki wamepooza mikono. Binti akafuta machozi. Akauliza kama yule mwenye mkono uliopooza aliweza tena kupanda mti. Nikajua somo la biolojia limeingia kuliko ambavyo ningelifundisha mimi kwa muhula mzima.

Shemeji akaenda na sokwe. Sisi wengine tukapewa mwongozaji na njia ya maporomoko ya Kakombe.

Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi na ninakiri sijawahi kuona njia inayofaa watoto kama ile. Si mbali, kwa mwendo wa mtoto ni kama saa moja na vituo vyake. Bonde ni la ubaridi, kijito kiko pembeni muda wote, unakisikia hata usipokiona. Kuna mizizi ya kushika na mawe ya kuruka. Mbega wekundu walikuwa juu wakirukaruka, majani yakitudondokea. Mwongozaji alituonyesha mchikichi akasema sokwe hupenda matunda yake kama Waha, wenyeji wa Kigoma, wanavyopenda mawese, na mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. Hilo ndilo alilosimulia shule nzima. Kisha alituonyesha kichuguu na kijiti, akaeleza jinsi sokwe anavyochuma unyasi, anauchomeka tunduni, anautoa umejaa mchwa, anaupitisha mdomoni. Ndicho alichokiona Goodall Novemba 1960: mnyama anatumia chombo, tena anakitengeneza, maana wengine huchuma kijiti na kukipukuchua majani kwanza. Watoto wakajaribu. Hawakupata hata mchwa mmoja. Sokwe mwenyewe hujifunza kwa miaka, akimtazama mama yake.

Halafu maporomoko yenyewe. Maji yanatoka juu ya mwamba, membamba na meupe, yanateremka marefu kuliko mchikichi wowote niliouona, na chini yake hewa yote ni mvuke. Ukisimama unaloa bila kuguswa. Mwongozaji alisema madume ya sokwe yakifika hapo hubadilika: manyoya yanasimama, yanayumba kwa miguu miwili, yanabembea kwenye kamba za mimea, yanarusha mawe, kisha yanakaa kimya yakitazama maji. Goodall aliliandika jambo hilo na kujiuliza kama si mshangao uleule unaotupata sisi. Mama watoto alikuwa amesimama na khanga imelowa, hasemi neno. Sikuuliza anawaza nini.

Tuliporudi ufukweni tulimkuta mama mkwe amekaa juu ya jiwe, miguu majini, akitazama samaki wadogo wa rangi wakimzunguka vidole. Maji ya Tanganyika pale ni maangavu kiasi kwamba unahesabu kokoto. Hili ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 pale lilipozama zaidi, na mama anasema katika umri wake wote alikuwa analijua kwa dagaa tu. Pembeni yake nyani walikuwa wanapita kama polisi wa doria. Tulikuwa tumeonywa tusile nje. Jirani yangu alidhani anaweza kufungua mfuko wa maandazi kwa haraka, mara moja tu, halafu aufunge. Ule mfuko tuliuona mara ya mwisho unapanda mlima.

Shemeji alirudi saa tisa, suruali imechanika, magoti yana tope, na tabasamu la mtu aliyefunga ndoa. Amewaona. Saa moja aliyoruhusiwa aliimaliza amejikunyata kwenye mteremko, na anasema hatasahau jicho la mama mmoja wa sokwe alipomtazama. Simnyimi haki yake. Lakini alipanda na kushuka mabonde karibu saa nne akifuata mgongo wa mwongozaji, na angeweza asiwaone kabisa, maana sokwe hana mkataba na mtu. Watu wawili wazima wenye mapafu mazuri, sawa, waende. Ukiwa na mtoto wa miaka minane na bibi wa miaka sitini na kitu, hiyo si matembezi. Ndiyo maana nasema tunaikosea Gombe tunapoitangaza kwa uso wa sokwe peke yake. Mzazi anaona picha, anauliza, anaambiwa mtoto wako haruhusiwi, anakunja daftari. Hakuna aliyemwambia habari za maporomoko, mbega, samaki na kile kilele ambacho Goodall alikuwa anakaa na darubini, ambapo mtoto wa sekondari mwenye miguu anaweza kupanda.

Nitasikia wanaosema Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kwenye ziwa hilihili, ni zaidi. Ni kweli. Ina kilometa za mraba 1,613, wakati Gombe ina kama 52, na mlima wake Nkungwe unafika mita 2,462, ambao huupandi kwa asubuhi moja. Watafiti wa Kijapani wapo huko tangu miaka ya sitini. Lakini Mahale iko mbali kusini, ni safari ya siku, mafuta na mkoba uliotuna. Mwenye uwezo aende. Mimi nazungumzia mwalimu, muuguzi na fundi seremala wa Mwanga, hapa mjini, wanaotaka kutoka na watoto Jumamosi wakarudi kulala kwao.

Na hapo narudi kwenye boti. Watu wakisema Gombe ni ghali wanafikiri kiingilio. Mtanzania halipi kama mgeni wa nje. Tofauti ni kubwa hata unaona haya kulalamika. Kilichotutoa jasho ni usafiri. Boti ya kukodi, mafuta ya kwenda na kurudi, na mwenye boti aliyetuahidi saa kumi na mbili akatokea saa mbili kasoro akisema alikuwa anatafuta petroli. Bila jirani kuchangia tungeghairi. Hakuna barabara inayoingia hifadhini, na sitaki iwepo. Ukimya ule umehifadhiwa na maji. Ila ingekuwepo boti moja tu, kila Jumamosi, ya kulipia kiti, inaondoka Kibirizi saa moja asubuhi na kurudi kabla ya saa tisa, ikiwa na jaketi za kujiokolea za kutosha na zile ndogo za watoto, ningeijaza kwa wazazi wa darasa langu pekee. Mfanyabiashara anayesoma hapa achukue karatasi apige hesabu.

Saa za kurudi si jambo la kupuuza. Kiangazi upepo wa kusi hupanda nguvu mchana, na kurudi Kigoma unakwenda kuukabili. Sisi tulichelewa kumsubiri shemeji. Tukatoka saa tisa unusu, na baada ya Mtanga mawimbi yakaanza kutupiga usoni. Nahodha alipunguza moto, akawa anaukwepa kila wimbi kwa pembe. Mama mkwe alishika rozari. Binti yangu alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu aingie kidato cha kwanza. Mdogo wake alilala usingizi mzito, mdomo wazi, akilowa. Tulifika mwaloni salama na giza likiingia, na tangu siku hiyo kauli yangu ni kwamba anayetaka sokwe na anayetaka maporomoko wasipande boti moja.

Mama mkwe alikaa kwetu wiki mbili zaidi. Kila aliyekuja kumsalimia alisimuliwa samaki. Sokwe hakuwataja, kwani hakuwaona, wala hakuonekana kuwadai.

Kijiweni nilirudi Jumatatu nikiwa na picha kwenye simu. Yule mzee aliitazama moja, ya maporomoko, akairudisha, akaiomba tena. Akauliza kama kweli ni hapa hapa kwetu. Mwaka huu tunakwenda tena, na tunaanza mapema. Boti inabeba kumi na wanne. Sisi tuko sita, jirani ana watu watano, na mzee amenipa nauli yake tangu wiki iliyopita, akisema anakuja kuhakikisha tu kama nyani wa kule ni tofauti na wale wa njia ya Kasulu. Nafasi zimebaki mbili.