Kuua Seli Maabara si Kumponya Mgonjwa wa Tezi Dume

Kwa miaka mingi sasa kumekuwa na ujumbe unaozunguka katika makundi ya WhatsApp, ukidai kwamba stafeli lina nguvu mara 10,000 kuliko tibakemia katika kuua saratani, ikiwamo ya tezi dume, na kwamba kampuni za dawa zimeificha siri hiyo kwa kuogopa hasara. Wanaoutuma ni watu wema: shemeji anayemhurumia mgonjwa, mwanakwaya mwenzake, mtoto aliye mbali ambaye hana kingine cha kumpa baba yake. Nimeamua kuandika kwa sababu naona wema huo unawagharimu wagonjwa, na kwa sababu namba hiyo ya 10,000 ina chanzo cha kweli ambacho wengi wetu hatujakisoma.

Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza viambata vipya walivyovitenga kutoka kwenye mbegu za stafeli. Kimojawapo kilipowekewa seli za saratani ya utumbo mpana zilizokuzwa maabara kilionekana kuwa na nguvu mara 10,000 kuliko adriamaisini, dawa ya tibakemia inayotumika hospitalini. Hapo ndipo habari ilipoishia. Zilitumika mbegu, nasi tunachemsha majani. Zilipimwa seli za utumbo mpana, nasi tunazungumzia tezi dume. Na hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyepewa chochote.

Kila tunaposoma kwamba kiambata fulani cha chakula kinaua seli za saratani ya tezi dume, tujiulize seli hizo zimetoka wapi. Mara nyingi ni za koo chache tu, yaani vizazi vya seli vilivyotokana na mgonjwa mmoja mmoja, zinazotumiwa na maabara za dunia nzima. Zile ziitwazo LNCaP zilichukuliwa mwaka 1977 kutoka kwenye tezi ya limfu ya mgonjwa wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 50. PC-3 zilitoka kwenye mfupa wa mgonjwa mwingine, na DU145 zilitoka kwenye ubongo. Zimeendelea kukuzwa tangu hapo katika vyombo vya plastiki, ndani ya maji yenye rangi ya waridi yaliyotiwa virutubisho, kwenye joto la nyuzi 37. Mtafiti hutia kiambata anachokichunguza, husubiri siku mbili au tatu, kisha hutia rangi inayomwonyesha ni seli ngapi zilizobaki hai. LNCaP bado huitikia homoni za kiume, ilhali PC-3 na DU145 hazizitegemei, kwa hiyo kiambata kimoja kinaweza kuonekana shujaa kwenye seli hizi na kuonekana hakina lolote kwenye zile. Ni kazi ya maana sana, kwa kuwa bila hiyo tusingejua pa kuanzia. Lakini ndani ya chombo kile hamna tumbo, hamna ini, hamna damu inayozunguka, na mtafiti anaweza kutia kiasi chochote akitakacho.

Manjano inalionyesha jambo hili vizuri kuliko kiungo kingine chochote ninachokijua. Kiambata chake kikuu, kurkumini, kimeua seli za tezi dume maabara mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayebishana juu ya hilo. Tatizo ni kwamba ukikila, utumbo hukipokea kidogo mno, na hicho kidogo hubadilishwa haraka na ini na kutolewa nje, hivyo kiasi kinachobaki kwenye damu huwa chini sana ya kile kilichomwagiwa seli. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba gramu 2 za kurkumini zikinywewa pamoja na miligramu 20 za piperini, yaani kile kinachoifanya pilipili manga iwashe, upatikanaji wake mwilini huongezeka mara 20 hivi. Wauza vidonge waliidaka habari hiyo wakaifanya tangazo. Wasichokisema ni kwamba piperini hufanya hivyo kwa kuizuia kazi ya vimeng'enya vya ini na utumbo, ambavyo pia vina kazi ya kuvunja dawa nyingine, za presha na za kuzuia damu kuganda zikiwamo. Mzee anayemeza dawa hizo kila siku hapaswi kuongezewa vidonge vya namna hiyo kwa ushauri wa tangazo.

Upande wa nyanya habari ni nzuri zaidi, ingawa nayo inahitaji kusomwa hadi mwisho. Mwaka 1995 watafiti wa Harvard waliokuwa wakiwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 waliripoti kwamba wale waliokula nyanya kwa wingi, hasa mchuzi wa nyanya zilizopikwa, walipata saratani ya tezi dume kwa uchache kuliko wengine. Sifa hiyo ilipewa laikopini, ile rangi nyekundu ya nyanya, ambayo pia imo kwenye tikitimaji na pera la ndani jekundu. Laikopini huyeyuka kwenye mafuta, na moto huilegeza kutoka kwenye nyama ya nyanya, kwa hiyo nyanya zilizokaangwa na kitunguu hadi mafuta yakaelea juu humpa mlaji laikopini nyingi kuliko kachumbari. Sukuma wiki na kabichi, zilizo katika ukoo mmoja na brokoli, zina viambata vinavyogeuka kuwa kemikali kali ya kujilinda pale jani linapokatwa. Kimeng'enya kinachofanya mageuzi hayo huuawa na moto mwingi, ndiyo maana ni vizuri kuikata mboga, kuiacha kidogo ubaoni, kisha kuipika kwa muda mfupi. Haya nayaandika kwa furaha, maana ni chakula chetu cha kila siku na hakina hasara.

Hata hivyo, kuwafuatilia watu na walichokila hakuthibitishi kwamba chakula chenyewe ndicho kilichowakinga. Uthibitisho hutafutwa kwa kuwagawa watu kwa bahati nasibu, wengine wapewe na wengine wasipewe, na hapo ndipo matumaini mengi yalipovunjika. Utafiti mkubwa ulioitwa SELECT, ulioanza mwaka 2001 ukihusisha wanaume zaidi ya 35,000 katika Marekani na Kanada, uliwapa vidonge vya vitamini E na madini ya seleniamu kwa sababu tafiti za awali zilitoa dalili njema. Mwaka 2008 vidonge vilisimamishwa kwa kuwa havikuonyesha faida yoyote, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Maji ya komamanga nayo yalisifiwa mwaka 2006 katika utafiti mdogo usio na kundi la kulinganisha. Kundi hilo lilipowekwa baadaye, tofauti haikuonekana. Kisha mwaka 2020 yakatangazwa matokeo ya wanaume 478 waliokuwa na saratani ya hatua za mwanzo, ambao nusu yao walihimizwa kula mboga kwa wingi kwa miaka miwili. Walizila kweli, na hata damu yao ilionyesha hivyo, lakini ugonjwa haukupungua kasi kuliko kwa wenzao.

Sisemi haya kwa kuidharau mimea. Dosetakseli, dawa ya kwanza ya tibakemia kuthibitika kurefusha maisha ya wagonjwa ambao saratani yao ya tezi dume imesambaa na haizuiliki tena kwa tiba ya homoni, hutengenezwa kwa kuanzia na kiambata cha majani ya mti wa Ulaya uitwao Taxus baccata. Iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya wagonjwa hao mwaka 2004. Lakini jani la mti huo ni sumu inayoweza kumuua ng'ombe, na hakuna daktari anayemchemshia mgonjwa. Kiambata kilitengwa, kikarekebishwa, dozi ikapimwa kwa miligramu, madhara yakaandikwa, na wagonjwa zaidi ya elfu moja wakashirikishwa kabla ya ruhusa. Nao muda ulioongezeka, ukilinganishwa na dawa ya awali, ulikuwa wastani wa miezi kama miwili na nusu. Anayejua jinsi miezi hiyo ilivyotafutwa kwa shida hawezi kuamini kirahisi chupa ya elfu ishirini inayoahidi kumaliza ugonjwa kwa siku 21.

Chupa hizo zinanitia hofu kwa sababu nyingine pia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani wengi walitumia mchanganyiko wa mitishamba minane ulioitwa PC-SPES, na kipimo cha PSA cha wengi wao, yaani kile cha damu kinachopima protini itokayo kwenye tezi dume, kilishuka kweli. Mwaka 2002 uliondolewa sokoni baada ya kukutwa umechanganywa na dawa za viwandani, ikiwamo ya kuzuia damu kuganda, na katika baadhi ya vidonge homoni ya kike ya kutengenezwa ambayo zamani ilitumika kutibu ugonjwa huohuo. Na stafeli lenyewe lina anonasini, sumu ya neva. Huko Guadeloupe, katika visiwa vya Karibi, madaktari waliohesabu wagonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 waliona uhusiano na ulaji wa tunda hilo na unywaji wa chai ya majani yake. Kula stafeli katika msimu wake ni jambo moja. Kunywa sufuria ya majani yaliyochemshwa asubuhi na jioni kwa miezi ni jambo jingine.

Nimemwona mzee wa mtaani kwetu akifanya hivyo. Alikuwa amekwishaambiwa ana saratani iliyo bado ndani ya tezi, akaona majani ni salama kuliko kisu, na aliporudi hospitali maumivu yalikuwa yamefika kwenye uti wa mgongo. Majani hayakumuua, yalimchukulia ule muda ambao ugonjwa huu huutoa mwanzoni, ukiwa hauumi na unatibika.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaume wenzangu lina sehemu mbili. Tule nyanya zetu, sukuma wiki zetu na manjano yetu kama chakula, bila kuvipa kazi ya daktari. Na mwenye miaka 50, au 45 kama baba au kaka yake aliwahi kuugua, azungumze na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA, akikumbuka kwamba sisi wenye asili ya Afrika tumo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi. Kama kuna dawa ya mitishamba anayoinywa, aitaje hapohapo bila kuona haya, pamoja na kiasi na muda, kwa maana daktari asiyejua hilo anaweza kukisoma kipimo vibaya au kumpeleka kwenye upasuaji akiwa na damu isiyoganda.