Kabla hamjaimeza ya Wakili

Wadau, najua imeshawafikia. Ile sauti aliyorekodi Wakili kuhusu mimi na video niliyowaonyesha jana, ambayo nusu ni maneno na nusu ni kicheko, imeshazunguka makundi yote, hata lile la kazini ambalo admini amepiga marufuku vichekesho. Naomba na mimi mnisikilize, maana mle ndani kuna chumvi. Kwanza, sikupanda juu ya meza. Nilipiga goti sakafuni, tena kwa sababu za kitaalamu. Pili, sikupiga saluti. Tatu... ya tatu ni kweli, tuiache.

Mnatujua tulivyo. Tukikutana sebuleni kwa mwenyeji wetu, dunia haina usalama. Jana tulianza na siasa za nyumbani, nani anahama chama na nani anajifanya hahami, zikaisha upesi kwa sababu kila mtu alirudia aliyoyasema mara ya mwisho. Tukavuka mipaka. Wakili akataka Baraza la Usalama livunjwe usiku huohuo: wanachama 15, lakini Marekani, Urusi, China, Uingereza au Ufaransa ikipiga kura ya turufu, wale wengine wote wamevalia suti bure. Mwalimu akadakia kwamba Afrika ina nchi 54 Umoja wa Mataifa na haina hata kiti kimoja cha kudumu, na lile dai la Umoja wa Afrika la viti viwili lililoandikwa Ezulwini, kule Eswatini, mwaka 2005 mpaka leo ni dai.

Mwenyeji, ambaye huwa kimya mpaka akasirike, akauliza: "Ni nani hapa amesikia habari ya Sudan wiki hii?" Hakuna aliyejibu. Akasema vita ile ilianza Aprili 15, 2023, mamilioni ya watu wamekimbia makwao, lakini kamera ziko kwingine, na kamera zikiwa kwingine na sisi tuko kwingine. Nilimkubali sana. Kwa kweli mazungumzo yangeishia pale, leo ningekuwa na heshima zangu.

Lakini alikuwa ametaja kamera. Vyombo vya habari, wadau! Uwanja wangu wa nyumbani!

Nikaanza. Nikawapa mdahalo wa wagombea urais wa Marekani wa mwaka 1960, Kennedy anang'aa kwenye televisheni, na Nixon, aliyekuwa ametoka kulazwa kwa ajili ya goti, anatokwa jasho mbele ya taifa zima. Nikawapa gazeti la Chicago Tribune la mwaka 1948 lililomtangaza Dewey kuwa mshindi wa urais, na Truman, mshindi mwenyewe, akalinyanyua juu huku anacheka meno yote nje. Nikashuka mpaka 2012, pale tovuti ya gazeti la chama tawala cha China iliponukuu habari kwamba Kim Jong-un ndiye mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani, ikaongeza na picha 55, kumbe habari yenyewe ilitoka The Onion, gazeti la utani la Marekani. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikanyoosha kidole nikasema, na hii Wakili ameinukuu sawasawa, siwezi kumsingizia: "Jicho lililofunzwa halidanganyiki."

Halafu nikasema nina ushahidi wa kitu ambacho vituo vikubwa vinakificha.

Vita yenyewe siitaji, maana huko wanaokufa ni watu kweli na hawahusiki na upuuzi wangu. Video nilitumiwa asubuhi. Niliitazama nusu ya kwanza, nikasisimka, nikaihifadhi. (Msiniulize kwa nini sikuimaliza. Ninyi huwa mnamaliza?) Nikaunganisha simu na televisheni ya mwenyeji, ile kubwa, nikaomba taa izimwe.

Sasa hapa twende polepole, kwa sababu ndipo Wakili anapoharakisha.

Picha ni ya usiku, rangi ya kijani. Ndege inaufyatulia risasi msafara wa magari. Kamera inatikisika. Nikasogea mpaka kwenye kioo, nikapiga goti ili nisiwazibe watu, nikashika rimoti iwe fimbo ya kuonyeshea. Ndiyo hilo goti mnalolisikia.

Nikasema: "Tazameni magari yanavyoachiana nafasi. Sawasawa! Hilo ni jeshi lililofunzwa."

Mwalimu akauliza mbona hakuna sauti. Nikamwambia teknolojia ya sasa ya ndege inameza sauti. Akauliza mbona hakuna mtu hata mmoja anayekimbia. Nikatabasamu, lile tabasamu la kumhurumia mwanafunzi, nikamjibu: "Kwa sababu walishaondolewa mapema. Hiyo inaitwa intelijensia." Mwalimu akatoa kalamu akaandika. Wadau, mtu mzima aliandika! Nami nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyeniuliza: saikolojia ya rubani. Nikasema mnaona anavyotulia, huyu ana familia, huyu anajua anachokipigania.

Hapo ndipo mtoto wa mwenyeji akapita kufuata chaja. Mtoto wa shule ya msingi, meno mawili ya mbele hayapo. Akasimama. Akatazama kidogo.

"Anko, huyu hajui."

Nikamuuliza hajui nini, mwanangu.

"Anamaliza risasi zote mwanzoni. Ataishiwa."

Na hiki ndicho kinachoniuma mpaka sasa hivi ninapoandika: sikushtuka. Niliwageukia wenzangu nikasema, "Mnaona? Hata mtoto ameliona tatizo la ugavi wa silaha."

Mtoto akanitazama kwa huruma. "Sasa hivi atakufa, halafu atarudi."

"Atarudi wapi?"

"Mwanzo."

Kioo kikawa chekundu. Chote. Yakashuka maandishi makubwa ya kusema misheni imeshindikana, na chini yake vitufe viwili, cha kurudia na cha kutoka. Mimi niko palepale, goti chini, rimoti imenyooshwa, na ncha yake, naapa sikuipanga, iko juu ya kitufe cha kurudia.

Mtoto akasema, "Bonyeza, Anko."

Kicheko cha Wakili mmekisikia, sina haja ya kukieleza. Mwalimu alirudisha kalamu mfukoni bila kuniangalia. Mwenyeji aliwasha taa, nikatamani asingeiwasha.

Nilijitetea, ndiyo. Niliwakumbusha kwamba mwaka 2017 Wizara ya Ulinzi ya Urusi, wizara nzima yenye majenerali, ilitoa picha za kuishutumu Marekani, na moja kati yake ilitoka kwenye gemu ya simu. Niliwakumbusha kituo cha ITV cha Uingereza, ambacho mwaka 2011 kiliweka kipande cha gemu ndani ya makala ya kweli kabisa. Wakili akauliza kama hao nao walieleza saikolojia ya rubani. Nikaomba funguo zangu.

Usiku sikulala, nikatafuta. Kumbe mwaka 2022 kampuni ya Bohemia Interactive ya Czech, wenye gemu ya vita ya Arma 3, walitoa tangazo la kuonya watu kuhusu video hizi, na dalili zake wakaziorodhesha: ni usiku, kamera inatikisika, sauti haipo, watu hawaonekani wakitembea. Wadau, hayo ndiyo mambo yote niliyoyatolea ufafanuzi! Mtu aliyeandika lile tangazo angekuwa pale sebuleni angedhani ninalisoma kinyumenyume.

Mengine mnayajua. Kundi limebadilishwa jina, sasa linaitwa Saikolojia ya Rubani. Nikiandika neno lolote naulizwa kama narudia au natoka. Mwenyeji ametangaza kwamba masuala yote ya kijeshi yatapelekwa kwanza kwa mtoto wake, baada ya kumaliza kazi za shule, na Mwalimu ameunga mkono hoja.

Hivi sasa Wakili amenitumia video ya kimbunga, anaomba uchambuzi. Nimeitazama mpaka mwisho kabisa, mpaka kioo kikawa cheusi, nikangoja kidogo na hapo pia. Naona ni kimbunga kweli. Simwambii.