Kinanda hakingurumi tangu mwanzo

Katika tahakiki ya tamasha la muziki, hapo anaposema kwamba katika Simfonia Namba 3, kazi ndefu ya okestra ya mtunzi Mfaransa Saint-Saëns, kinanda cha mabomba kinanguruma mwanzo mwisho na kuwameza wapiga fidla, mwandishi kapotoka. Kazi ile huchukua kama dakika 35, na kwa karibu dakika kumi za kwanza mpiga kinanda amekaa tu, mikono mapajani. Akiingia, anaingia taratibu mno, sauti nene inayotandikwa chini ya nyuzi kama mkeka, hata usijue imeanza lini. Nimeisikia Royal Albert Hall, London, ambako kinanda kina mabomba 9,999, na niliitambua kwanza kwa mtetemo wa kiti, sikio likafuata. Ule mngurumo anaousema, sauti za C meja zikipigwa pamoja kwa nguvu zote, unangoja sehemu ya mwisho, na unamtikisa mtu kwa sababu ya kunyamaza kote kule. Sisi tunaopiga kinanda kanisani tuna la kujifunza hapo, maana mara nyingi tunaifunika kwaya tangu ubeti wa kwanza. Kuhusu Konseto ya Fidla Namba 1 ya mtunzi Mjerumani Bruch, kazi ya fidla moja na okestra iliyopigwa kabla ya mapumziko ya tamasha hilo, nakubaliana naye kabisa, Adagio ile, yaani sehemu yake ya polepole, inalainisha moyo. Inauma tu kukumbuka kwamba Bruch aliiuza kwa mchapishaji kwa malipo ya mara moja. Wenzangu mliowahi kukaa karibu na mabomba, nanyi mlianza kuisikia miguuni?